Mume Alishinda kwa Kubeti, Sasa Anataka Talaka

SWALI: Mheshimiwa Wakili, shikamoo. Nimeishi na mume wangu kwa ndoa ya kanisani miaka kumi na moja. Mwaka 2022 alishinda shilingi milioni 84 kwa kubeti mpira, akajenga nyumba tunayoishi sasa na kuiandikisha kwa jina lake. Anataka talaka na anasema bahati haina ubia. Je, nina haki yoyote?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, dada yangu. Maneno hayo ya mumeo yana ladha kijiweni, lakini mahakamani hayatoshi. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa ndani ya ndoa kwa juhudi za pamoja, ikizingatia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, pamoja na madeni na mahitaji ya watoto, na baada ya hayo ielekee kwenye mgawanyo sawa. Mumeo atang'ang'ania hayo maneno "juhudi za pamoja", akidai kwamba mkeka aliupanga peke yake. Tena kifungu cha 60 kitambeba mwanzoni, kwa kuwa mali iliyo kwa jina la mmoja huhesabiwa kuwa yake hadi ithibitike vinginevyo.

Kwa maoni yangu, usipoteze nguvu kubishania ule ushindi. Elekeza ushahidi wako kwenye nyumba. Nani alisimamia mafundi? Mshahara au genge la nani lililisha watoto wakati fedha zote zikiishia kwenye saruji na mabati? Hata dau lenyewe, kama lilitoka kwenye fedha za matumizi ya nyumbani, ni jambo la kusema.

Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Wanaoitaja kesi hiyo husahau mwisho wake: Bi Hawa hakuongezewa kitu, kwa sababu fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia biashara alizitapanya. Ikiwa nawe ulipewa mtaji kutokana na ushindi huo, weka tayari maelezo ya ulivyoutumia.

Shauri lenyewe litaanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Wakati huo huo, kwa kuwa nyumba hiyo ndiyo makazi ya familia, kifungu cha 59 kinamzuia mumeo kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa yako, nawe unaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Lifanye hilo kabla ya barazani, si baadaye.