Jibu: Baiskeli ipite upande gani?

Mkuu, umeuliza kama ni salama zaidi kuendesha baiskeli upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja. Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Kutazamana na magari ni kwa waenda kwa miguu. Baiskeli hukaa kushoto na kufuata uelekeo wa magari.

Piga hesabu. Gari lina kilomita 50 kwa saa, wewe 15. Mkikabiliana mnakaribiana kwa 65. Mkifuata uelekeo mmoja ni 35 tu, na dereva anapata muda wa kukukwepa. Halafu anayeingia barabara kubwa kwa kukata kushoto huangalia kulia, maana ndiko magari yanakotokea. Wewe unamjia kutoka kushoto, hana habari nawe.

Kinachonitia hofu zaidi hapa Dar ni daladala kituoni. Usipenye kati yake na kituo: mlango uko kushoto na abiria hushuka bila kuangalia. Subiri nyuma. Lori likiwasha indiketa ya kushoto, usijipenyeze ubavuni kabisa, kwani tela hukata kona kwa ndani kuliko kichwa.

Usiku funga taa nyekundu nyuma. Kiakisi peke yake hakitoshi, kinategemea taa za gari la mwenzio, na nyingine ni mbovu.