Usisubiri wenzako, nenda

Dada, umeuliza kama ni wazimu kwenda kutembea milimani peke yako, maana rafiki zako kila wiki wanaahirisha. Si wazimu hata kidogo.

Ukiwa na wenzako unasikia maneno yao; ukiwa peke yako unausikia msitu. Safari yangu ya kwanza ya peke yangu nilisimama karibu robo saa nikimtazama buibui akisuka utando, akivuta uzi kwa mguu wa nyuma na kuubandika, uzi baada ya uzi. Hakuna aliyeniambia twende. Ukichoka unakaa, ukitaka kurudi unarudi. Utamu wenyewe ndio huo, na nakutamania sana uuonje.

Ila mwachie mtu unayemwamini jina la njia na saa utakayorudi, pamoja na saa ya kuomba msaada asipokusikia. Mabondeni simu mara nyingi haishiki mtandao, kwa hiyo beba filimbi ya kuitia msaada: milio 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia.

Kupiga hesabu ya muda, mpanda milima Mskoti William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado natumia: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Mapumziko hayamo, yaongeze. Saa uliyopanga ya kugeuka kurudi ikifika, geuka, hata kama kilele unakiona.

Anza na njia fupi yenye alama, asubuhi na mapema.