Maswali na majibu: maziwa ya milimani na ardhioevu, shida iko ukingoni

Maswali yamejaa na mengi yanafanana, kwa hiyo nimechagua machache ambayo yakijibiwa vizuri yatapunguza mengine. Kabla hatujaanza naomba mtoe kichwani hili wazo kwamba ziwa ni yale maji ya katikati. Uhai mwingi wa ziwa au kinamasi uko ukingoni, kwenye matete na maji ya kina kifupi, pale pale mnapotaka kutandika mkeka, kuburuza mtumbwi na kupiga picha.

Swali: Naogelea vizuri tangu utotoni. Kuna shida gani nikiogelea ziwa la juu mlimani siku ya jua kali?

Jua linapasha maji ya juu tu. Ukishuka kidogo unakuta baridi kali, hasa kama ziwa linapokea theluji au barafu inayoyeyuka. Sasa maji yakiwa chini ya nyuzi 15 hivi ukatumbukia ghafla, mwili unavuta pumzi wenyewe, hujaamua wewe, na kama kichwa kiko chini ya maji basi unachovuta ni maji. Wengi wanafia hapo, dakika tatu za mwanzo, kabla hata baridi haijaingia mwilini, na wamo waogeleaji wazuri kabisa. Ukivuka hapo, baada ya dakika kama 10 mikono na miguu inaanza kugoma, ule ustadi wako utautumia na mikono gani?

Kama lazima uingie, ingia taratibu kwa miguu, usiruke kutoka kwenye mwamba, baki pale unaposimama, na nje awepo mtu anayekuangalia wewe na siyo simu. Ukidondoka kwa bahati mbaya usipigane na maji: lala chali, elea, subiri pumzi itulie ndo uanze kutafuta nchi kavu. Na jaketi la kuokolea linavaliwa kabla mtumbwi haujaondoka, jamani, mnalikalia kama mto halafu mnategemea kulivaa majini na vidole vilivyokufa ganzi!

Swali: Maji ya mlimani yanang'aa kama kioo, tunaweza kunywa hivyo hivyo?

Hapana, na hili nimelijibu mpaka nimechoka. Giardia, kimelea kinachosababisha kuharisha, huioni kwa macho na mnyama aliyejisaidia huko juu ya kijito pia humwoni. Chemsha mpaka yatokote dakika 1, ukiwa juu ya mita 2,000 acha dakika 3, kwa sababu huko maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi, mita 4,000 ni nyuzi kama 87 tu. Vidonge vya klorini ni vizuri kwa bakteria ila kuna vimelea vinavivumilia, msivitegemee peke yake.

Na kwa vile mnauliza kunywa tu, niongeze la kuoga. Kwenye maji ya vuguvugu yaliyotulia ya nchi za joto, yenye majani na konokono, kichocho kinaingia kupitia ngozi. Kukanyaga tu kunatosha. Kujifuta haraka na taulo siyo kinga ya kutegemea.

Swali: Sabuni yangu imeandikwa kwamba inaoza yenyewe, naweza kuoshea vyombo ziwani?

Inaoza kwenye udongo, siyo kwenye maji. Chota maji, sogea mita 60 kutoka ukingoni, oshea huko na umwage kwenye udongo. Hizo mita 60 ndizo za choo pia, shimo la sentimita 15 mpaka 20, ufukie. Mahali penye mwamba mtupu, au kwenye kinamasi ambako ukichimba kidogo unakuta maji, hakuna shimo la kuchimba, unabeba uchafu wako kwenye mfuko mpaka ukapate choo. Ndiyo, nimesema unabeba.

Swali: Tulifika ziwani mchana tu kichwa kikaanza kuuma na kichefuchefu juu, ni jua?

Inawezekana jua, lakini kama mlipanda haraka kupita mita 2,500 fikiria kwanza ugonjwa wa mwinuko, yaani mwili kukosa oksijeni ya kutosha huko juu. Watu wanasahau kwamba ziwa linaweza kuwa juu kuliko milima ya kwao, Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, iko kwenye mita 3,812 na wapo wanaofika kule kwa ndege au basi siku moja tu. Ukipita mita 3,000 mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kichwa kikiuma usiendelee kupanda. Mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema wakati amekaa, mshusheni saa hiyo hiyo hata kama ni usiku, msimwachie panadol na blanketi mkisema asubuhi atakuwa sawa.

Swali: Wenyeji wanakata matete na kuvua ndani ya hifadhi, sisi watalii tukitoka kidogo tu kwenye njia ya mbao tunafokewa. Haki iko wapi?

Swali zuri, japo hasira yako siiungi mkono. Mkataba wa ardhioevu uliosainiwa mjini Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971 haukusema watu wafukuzwe, umezungumzia matumizi ya busara, na watu wanaoishi na kinamasi ni sehemu ya hayo matumizi. Anayekata matete kwa kufuata msimu na mipaka waliyokubaliana anajua wapi pakatwe na wapi paachwe. Wewe umekuja kwa saa tatu tu, hujui umekanyaga nini.

Na nikwambie umekanyaga nini. Vipo vinamasi ambavyo udongo wake ni mabaki ya mimea yaliyokaa majini bila kuoza vizuri, na unajijenga kwa milimita 1 hivi kwa mwaka. Buti lako likizama sentimita 10 umevuruga kazi ya karibu miaka 100. Udongo huo uko kwenye asilimia 3 tu hivi ya nchi kavu ya dunia na umeshika kaboni nyingi kuliko misitu yote ikijumlishwa. Halafu kuna viota. Kibisi anajenga kiota kinachoelea, kimeshikizwa kwenye matete, na akiondoka kwa utulivu anafunika mayai kwa magugu mabichi kwanza. Ukimkurupusha anatoka bila kufunika, mayai yanabaki wazi, kunguru anayaona kabla wewe hujamaliza kurekebisha kamera. Hujavunja kitu kwa mkono wako, lakini kizazi cha msimu huo kimeondoka. Kwa hiyo njia ya mbao ikijaa watu subiri zamu yako, usishuke pembeni.

Swali: Kuwapa bata mkate kuna ubaya gani?

Hauna lishe ya maana, unaooza unachafua maji, na unawazoesha kusogelea watu. Acha.

Swali: Nina kayaki yangu, wikendi hii ziwa hili wikendi ijayo lile. Nahitaji kibali?

Kibali uliza hifadhi husika. Mimi nina swali lingine kwako: kati ya wikendi na wikendi unakausha hiyo kayaki? Kome wa aina ya pundamilia, wageni wavamizi, waligunduliwa kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini karibu mwaka 1988, waliletwa na maji ya ndani ya meli, wakasambaa ziwa kwa ziwa, na vyombo vidogo kama chako vilisaidia, maana kinda lake halionekani kwa macho na tone la maji linamtosha. Fangasi anayeua vyura naye anasafiri kwenye buti na nyavu mbichi, spishi zaidi ya 500 za amfibia zimepungua kwa sababu yake na karibu 90 zinadhaniwa zimeshatoweka. Safisha tope na majani, mwaga maji yote pale pale ulipotoka, kausha mpaka ndani. Kama ratiba yako haikupi muda wa kukausha basi ratiba ndiyo mbaya.

Swali: Ni kweli kuna ziwa liliua watu bila kuwagusa?

Kweli. Ziwa Nyos, Kameruni, 21 Agosti 1986, lilitoa gesi ya kaboni dioksidi iliyojikusanya chini, ikatambaa mabondeni usiku na kuua watu kama 1,700. Maziwa yanayojulikana kuwa na hatari ya namna hiyo ni machache sana, kwa hiyo usihofie kila ziwa. Ila kwenye maeneo ya volkano usipige hema kwenye shimo au bonde lililojifunga, na wenyeji wakikwambia hapa hatulali, hamia kwingine.

Swali: Naweza kurusha droni kupata picha ya ndege wakiwa kundi?

Hapana. Kwao ni kama kipanga, kundi zima linaruka na nguvu walizojiwekea kwa safari zinaishia hapo. Nenda alfajiri na darubini, kaa sehemu moja, watasogea wenyewe. Na kama hifadhi ina utaratibu wa vibali vya droni kamuulize askari wa pale, akikataa usibishane naye.