Klova ya kulungu imegeuka njano? Acha urea kwanza

Ndugu yangu, umesema klova, yale majani ya jamii ya kunde uliyowapandia kulungu wale huko Ohio, Marekani, iliota vizuri, ikageuka njano, sasa nyasi zimeifunika, nawe umeshamwaga urea, mbolea ya naitrojeni, mara mbili. Hapo umelisha magugu! Klova hujipatia naitrojeni kupitia bakteria wa mizizini. Ng'oa mche mmoja taratibu, uoshe, utafute vinundu vidogo mizizini wanamokaa bakteria hao, upasue kimoja kwa kucha: kikiwa na rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi. Ukikuta mizizi mitupu bila vinundu, shuku tindikali kwenye udongo. Pima udongo, klova hupenda pH (kipimo cha tindikali; namba ikishuka, tindikali imezidi) ya 6 hadi 7. Ikiwa chini ya hapo, weka chokaa ya kilimo, ila hesabu miezi, si wiki.

Halafu zungushia waya kipande cha mita moja hivi, usubiri wiki mbili. Ndani ikistawi na nje ikabaki kipara, basi kulungu ndio wanaomaliza, na shamba lako ni dogo tu kwao. Mimi nililaumu mbegu msimu mzima, kumbe wageni walikuwa wanakula usiku.

Ukirudia kupanda, usifukie. Mbegu ile ni ndogo kuliko ufuta. Ikandamize tu juu ya udongo.