Umeuza mnadani mtandaoni ukaumia? Majibu kwa wauzaji wadogo

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wanaouza vitu vyao wenyewe kwa mnada mtandaoni: hawana duka wala mfanyakazi, na hasara ikitokea inaingia moja kwa moja kwenye hela ya kodi ya nyumba. Wengi wanauzia eBay, kwa hiyo kanuni nitakazozitaja ni za huko.

Niliuza pesa ya shaba ya Zanzibar ya Sultani Barghash, ile ya mwaka 1299 Hijria. Nilianzia peni 99. Watu kumi na wawili waliiwekea alama ya kuifuatilia. Siku saba kimya, kisha sekunde chache kabla ya kufunga akatokea mtu akaichukua kwa peni 99 zile zile. Huu si wizi? (Msomaji, Leicester)

Pole sana. Si wizi, ingawa naelewa kwa nini unauona hivyo. Mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, dalali hafungi mpaka watu wanyamaze. eBay hufunga saa ikifika, hata kama watu bado wanapandishiana. Tena mnunuzi huandika kiwango chake cha juu kabisa, mfumo unampandishia polepole, na akishinda hulipa hatua moja tu juu ya aliyemfuata. Mjuzi wa sarafu anajua kwamba akiweka dau siku ya kwanza atawaamsha wenzake, basi anakaa kimya hadi mwisho. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walilichunguza jambo hili katika makala yao ya mwaka 2002. Walilinganisha eBay na minada ambayo Amazon ilikuwa nayo enzi hizo, ambako dau lililoingia dakika za mwisho liliurefusha mnada kwa dakika 10. Kwenye Amazon kuvizia kulikuwa kudogo sana. Kwa hiyo tabia hii imezaliwa na kanuni ya kufunga, na wewe muuzaji huna uwezo wa kuibadilisha.

Lakini hebu tuangalie kilichokuumiza hasa. Huyo mshindi huenda alikuwa tayari kutoa pauni 20 au zaidi. Hakuzitoa kwa sababu hapakuwa na mtu wa pili wa kumsukuma. Angekuja Jumatatu asubuhi badala ya sekunde za mwisho, bado angelipa peni 99. Na wale kumi na wawili wanaofuatilia wasikupe moyo: wengine ni wauzaji kama wewe wanaotaka kujua bei ya soko.

Safari ijayo, kabla hujabandika tangazo, tafuta sarafu kama yako kisha chuja matokeo yabaki yale yaliyokwisha kuuzwa. Hapo utaona watu walilipa nini kweli, maana bei wanazoomba wauzaji hazina maana yoyote. Kwenye kichwa cha tangazo weka kila neno ambalo mkusanyaji angeandika: Zanzibar, Barghash, pysa (ndivyo wakusanyaji wanavyoiandika pesa hii), 1299, na 1882 ambao ni mwaka huo huo kwa kalenda ya Kizungu. Piga picha pande zote mbili kwenye mwanga wa dirishani, na usiisugue sarafu ing'ae, utaishusha thamani. Panga mnada uishe Jumapili jioni watu wakiwa nyumbani. Juu ya yote, bei ya kuanzia iwe ile ambayo ukilipwa hiyo hiyo hutajuta. Kuanzia peni 99 kunafaa kwa kitu ambacho una uhakika watu watakigombea. Kitu chenye wateja wawili watatu duniani kote, kiwekee bei maalumu, yaani bei moja isiyo ya mnada, na uwaruhusu wanunuzi wakuletee pendekezo lao.

Shemeji yangu naye ana akaunti. Nikimwomba aweke dau kidogo kuchangamsha mnada, kuna ubaya? (Msomaji, Birmingham)

Ndiyo, upo. Unamdanganya mnunuzi bei, na eBay wanakataza ndugu, rafiki au mtu wa nyumbani kwako kupandisha dau la kitu chako. Uingereza ni kosa la jinai pia: mwaka 2010 muuzaji mmoja alihukumiwa kwa kuweka madau kwenye minada yake mwenyewe. Mwache shemeji apumzike.

Nimeuza sufuria za chuma mara mbili, na mara zote mbili mshindi hakulipa. Ujumbe hajibu. Nifanye nini? (Msomaji, Toronto)

Subiri siku nne. Zikipita bila malipo, futa mauzo ukichagua sababu kwamba mnunuzi hakulipa. Usichague sababu nyingine kwa huruma. Ukichagua hiyo, ada yako inarudishwa na mnunuzi anawekewa alama. Kisha ingia kwenye mipangilio ya wanunuzi uwazuie wenye rekodi ya kutolipa. Wauzaji wengi hawajui kwamba mpangilio huo upo. Unaweza pia kumpa nafasi aliyeshika namba mbili kwa dau lake, ila tazama kwanza: ikiwa mshindi ndiye aliyelipaisha dau kwa fujo, huyo wa pili naye alivutwa juu na anaweza kukataa. Kwa sufuria, mimi ningeachana na mnada. Ukiweka bei maalumu yenye sharti la kulipa papo hapo, kitu hakihesabiwi kimeuzwa mpaka pesa iingie.

Niliuza simu nzima kabisa. Mnunuzi akadai haifanani na maelezo, akarudisha kasha lenye simu nyingine iliyopasuka kioo. Amerudishiwa pesa zake zote. Nilikuwa nimeandika wazi kwamba sipokei marejesho! Sina simu, sina pesa. (Msomaji, Minneapolis)

Barua yako imeniuma. Umeibiwa, na sitatafuta neno laini la kulisema hilo.

Kwanza hilo la kutopokea marejesho. Linamzuia mnunuzi aliyebadili mawazo tu. Akidai kitu hakifanani na maelezo, dhamana ya eBay kwa wanunuzi inampa siku 30 tangu kilipomfikia, na gharama ya kukirudisha inakuwa juu yako. Wezi wanalijua hili kuliko sisi. Ndiyo maana mlalamishi wa uongo hasemi "sikuipenda", husema "haifanani".

Sasa cha kufanya. Uamuzi ukishatolewa una siku 30 za kukata rufaa, kwa hiyo usikae na hasira, fungua rufaa leo. Ambatisha picha za simu uliyotuma na namba yake ya IMEI (namba ya utambulisho ambayo kila simu ina yake), picha za simu iliyorudi na IMEI yake tofauti, na nakala ya taarifa ya polisi. Nenda polisi hata kama huamini watamkamata mtu. Karatasi yao inaipa rufaa yako uzito. Na kama kifurushi kilipita posta ya Marekani, wana kitengo cha upelelezi kinachopokea malalamiko ya udanganyifu kwa njia ya barua. Peleka na huko.

Je, utashinda? Wengine hushinda, wengine hukosa hata wakiwa na ushahidi. Kwa hiyo nazungumza na wengine mnaosoma kabla hayajawakuta. Unapofunga kitu cha thamani, rekodi video moja isiyokatika: namba ya kifaa, kifaa kikiwaka, kikiingia kwenye kasha, kasha likifungwa, karatasi ya anwani ikibandikwa. Kikirudi, fungua mbele ya kamera vivyo hivyo kabla hujagusa kitufe cha kurudisha pesa. Tuma kwa huduma yenye namba ya kufuatilia, na kitu cha dola 750 kwenda juu lazima mpokeaji atie saini, la sivyo akisema hakikufika huna kinga. Malalamiko yakifunguliwa, jibu ndani ya siku tatu za kazi. Wapo wanaonyamaza kwa hasira, na matokeo yake mnunuzi anarudishiwa pesa huku kitu akibaki nacho.

Simu za bei kubwa, kwa maoni yangu, zisiuzwe mnadani na mtu binafsi. Muuzie mtu mkutane ana kwa ana mahali penye watu, au peleka duka linalonunua simu zilizotumika. Utapata pungufu, lakini hakuna atakayekuja wiki tatu baadaye na kasha lenye simu ya mwingine.

Mnunuzi ameniandikia maoni mabaya ya uongo. Nataka kumwandikia na mimi, lakini mfumo unanipa nafasi ya kumsifu tu. Kwa nini? (Msomaji, Hamburg)

Tangu Mei 2008 muuzaji wa eBay hawezi kumpa mnunuzi alama mbaya. Kabla ya hapo pande zote mbili zilipimana sawa. Sababu waliyoitoa ni kwamba wauzaji walikuwa wakilipiza kisasi, hivyo wanunuzi wakaogopa kusema ukweli. Kisasi kilikuwepo kweli, hilo sitalikataa. Lakini dawa iliyochaguliwa ilimnyang'anya silaha hata muuzaji mwaminifu, na wauzaji waliligomea Februari ya mwaka huo huo kwa kuacha kubandika bidhaa kwa wiki nzima. Haikusaidia, na mizani haijarudi sawa hadi leo.

Kilichobaki mkononi mwako ni jibu la hadharani chini ya maoni yake. Liandike kesho, si leo. Mistari miwili inatosha: ulituma tarehe fulani, kilifika tarehe fulani, ulijitolea kurudisha pesa. Unamwandikia mteja ajaye, huyu umeshampoteza. Na usimsifu kwa kejeli ili kumchoma. eBay huyafuta maoni ya namna hiyo.

Niliuza kanga za zamani kwa dola 50, mnunuzi akalipa na dola 10 za posta. Posta nilitumia dola 10 kamili. Mbona nimebaki na kama 41? (Msomaji, Houston)

Kwa sababu ada haihesabiwi kwenye dola 50 peke yake. Inahesabiwa kwenye kila alicholipa mnunuzi: bei, posta, hata kodi ya mauzo ya jimbo ambayo wewe huioni kamwe. Tuseme kodi ilikuwa dola 4, jumla 64. Ada kwa vitu vingi Marekani ni asilimia 13 na ushee, hapo ni kama dola 8.50, kisha kuna senti kadhaa za kila oda. Kukata asilimia kwenye kodi ya serikali naona ni uonevu mtupu, lakini ndivyo ilivyo, basi iingize kwenye hesabu kabla ya kupanga bei. Ujerumani tangu Machi 2023, na Uingereza tangu Oktoba 2024, watu binafsi hawakatwi ada ya mauzo, isipokuwa kwenye magari. Uingereza siku hizi mnunuzi ndiye anayeongezewa ada ya ulinzi juu ya bei yako, kwa hiyo bei anayoiona yeye ni kubwa kuliko uliyoandika.

Bibi aliniachia bangili ya pembe ya ndovu. Ni ya zamani kweli. Naweza kuinadi? (Msomaji, London)

Hapana. eBay walipiga marufuku pembe za ndovu mwaka 2009, na Uingereza sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inakataza biashara yake isipokuwa kwa misamaha michache sana. Usijaribu kuibandika kwa jina la "mfupa".

Mshindi wa mnada wangu anataka nitume kwa anwani ya ndugu yake, tofauti na iliyo kwenye oda. Anasema ataniongezea pesa nje ya mtandao kwa usumbufu. Anaonekana mtu mwema. (Msomaji, Muscat)

Usitume, kaka. Kifurushi kikienda anwani nyingine, akidai hakikufika huna kinga yoyote, hata kama namba ya kufuatilia inaonyesha kimepokelewa. Mwambie kwa upole kwamba utafuta oda, abadilishe anwani kwenye akaunti yake, kisha anunue upya. Mnunuzi wa kweli atafanya hivyo kwa dakika chache. Mazungumzo yote yabaki ndani ya eBay, na akikuletea barua pepe ya "umelipwa", usiiamini mpaka uione pesa kwenye akaunti yako mwenyewe.