Mlioanza kubeba pampu msimu huu, njooni hapa kidogo

Wadogo zangu, jana napita zangu Mafiati hapa Mbeya nimekaa kwenye bajaji nikawaona wenzenu wawili, pampu mgongoni, gamubuti mpaka magotini, wanapiga dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu kwenye mtaro ambao maji yanakimbia kama yanawahi basi la Tukuyu. Nikataka kushuka nigombe, nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza, nikanyamaza. Ila usingizi haukuja vizuri, acha niseme.

1. Maji yanayokimbia hivyo achaneni nayo. Tafuteni pale mtaro ulipozibwa na chupa na mifuko, kwenye kona maji yametulia, hapo ndo kuna sherehe.

2. Shimo la tofali halivamiwi. Kivuli chako kikianguka kwenye maji viluwiluwi vinazama, unachota maji matupu unaandika sifuri. Elekea jua, subiri kidogo, chota pembeni penye majani. Na jamani, kale kenye kichwa kikubwa na mkia ni mtoto wa chura, kuna mmoja wenu (namjua, leo simtaji) alijaza fomu nzima ya vyura.

3. "Kaka Mbeya baridi, mbu wa huku hawana nguvu." Hii nimeisikia mpaka basi. Baridi inawachelewesha tu, haiwaui. Kule Kyela yai linaweza kuwa mbu ndani ya wiki na ushee, huku juu linajivuta, lakini linafika, na mvua zetu zinaanza Novemba mpaka Aprili huko, muda wa kujivuta anao.

4. Pupa, yaani kiluwiluwi kilichokaribia kutoka mbu. Hapa kaeni vizuri maana hii ni ya kwangu mwenyewe.

Nilitoka kwenye mafunzo najiona profesa. Mtaa mmoja ukishuka kutoka Mwanjelwa kulikuwa na bibi, nyuma ya nyumba yake walichimba udongo wa tofali wakaacha shimo, mvua imelijaza, jua linapiga mpaka chini. Nikachota. Ndani ya dipa (kile kikombe chetu cha mpini cha kuchotea) viluwiluwi wachache wamelala flati juu ya maji, yaani anofelesi wenyewe kabisa, mbu wa malaria, halafu kuna vingine vingi vimejikunja kama alama ya koma, vinene kichwani, ukitikisa vinapiga sarakasi vinazama. Hivyo vya koma nikajiambia vinakufa hivi, si unaona vinavyojikunja. Nikapiga dawa, nikamwambia bibi wote wamekwisha, leo lala mlango wazi. Nilisema hivyo hivyo, lala mlango wazi.

Sasa dawa yetu inayotengenezwa Kibaha ni bakteria, mdudu mpaka aile ndo imharibu utumbo, na pupa, ndo zile koma, hali kitu, yeye anasubiri siku zake mbili tatu (huku kwetu hata zaidi) atoke mbu. Hiyo ilifundishwa siku ya pili baada ya chakula cha mchana, na mimi nikishashiba wali maharage mnanijua.

Jumamosi mkutano wa mtaa. Mwenyekiti akanisimamisha nieleze kazi, nikajisifu weee. Bibi akanyoosha mkono, akatoa kwenye kapu chupa ya jamu, juu kafunika kipande cha khanga kakaza na raba. Aliyachota yale maji jioni ileile nilipoondoka. Juu ya maji magamba yanaelea, na kwenye ukuta wa chupa mbu saba wameng'ang'ania, makalio juu. "Mjukuu wangu, hawa ni akina nani? Maana mlango nililala nao wazi." Watu walicheka mpaka mtendaji akaweka kalamu chini. Chupa ikazunguka mkono kwa mkono, kila anayeipokea anaangalia mbu kisha ananiangalia mimi. Bibi peke yake hakucheka. Kumbe mtoto wa pale kwake alishikwa na homa usiku wa juzi, wamempeleka kupima. Haikuwa malaria, lakini hilo nimeambiwa mkutano ulipoisha, na kile kipindi cha katikati nilichokaa kwenye lile benchi nakijua mimi na Mungu wangu.

Jumatatu nilienda na jembe. Tulilifukia lile shimo mimi na wajukuu zake mpaka jioni, akatupa kande, akasema "ndaga", yaani asante, lakini jicho lake bado lilikuwa linanihesabu. Mpaka leo nikipita ananiuliza, za koma umeangalia? Kwa hiyo ukiona koma nyingi kwenye dipa usijidanganye na pampu, mwaga maji au ita watu waje na majembe.

5. Tairi ukishamwaga maji lisugue ndani, mayai ya mbu wa dengue yanakaa makavu miezi na miezi yanasubiri mvua tu.

6. Kila wiki unarudi palepale, dawa inaisha nguvu. Ukikuta geti limefungwa andika limefungwa, usiandike sifuri, mbwa kakukimbiza andika mbwa, hakuna atakayekucheka kuliko nilivyochekwa mimi.

7. Aliyechukua dipa langu jeupe, lile lenye selotepu kwenye mpini, kesho saa moja nilikute ofisini. Hili jeusi mliloniachia mnataka nione nini humu ndani?