Kabla Fundi Hajagusa Difu ya Peugeot 404

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia kwamba amerithi Peugeot 404 ya marehemu babu yake, akaniuliza aanze na matengenezo gani. Nilimjibu kwamba asiruhusu mtu yeyote ajaze oili ya difu, yaani kisanduku cha gia kilicho katikati ya magurudumu ya nyuma, kabla hatujazungumza. Jibu hilo mimi nililipata kwa kupoteza difu nzima.

Nililinunua gari langu kwa mapenzi yale yale yanayowavuta wengi wetu: umbo la Pininfarina, kampuni ya Italia ya kubuni magari, lililozinduliwa mwaka 1960, ambalo Bert Shankland wa Dar es Salaam na Chris Rothwell walishinda nalo Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967. Nilijua kwamba injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 imelazwa kwa nyuzi 45 ili boneti ikae chini, na kwamba feni yake hushikwa na sumaku ya umeme maji yanapopata moto, kisha huachiwa yanapopoa. Nilijivunia kuyajua hayo, na bado najivunia.

Nilichokuwa sikijui ni kilichomo nyuma. Ndani ya difu ya 404 mna parafujo ya chuma inayozungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi. Meno hayo hufanya kazi kwa kuteleza, kwa hiyo uhai wake wote uko kwenye oili. Oili nyingi za difu za kawaida hutiwa kemikali zenye salfa ili zilinde chuma dhidi ya mgandamizo mkubwa, lakini joto likipanda salfa hiyo huweza kuila shaba.

Gereji niliyoiamini ilijaza oili ya kawaida, nami sikuuliza. Baada ya miezi michache mvumo ulianza nyuma, na tulipofungua nati ya kumwagia oili, ilitiririka ikiwa na vumbi linalong'aa kama dhahabu: yalikuwa meno yenyewe. Fundi aliniambia gari limezeeka. Kauli hiyo inaniuma hadi leo, kwa sababu halikuzeeka. Liliharibiwa na oili isiyo yake.

Basi ndugu zangu, ulizeni. Someni lebo ya mkebe, mhakikishe oili hiyo inafaa kwa shaba, na muwepo inapomiminwa. Anayelipenda gari la zamani ana wajibu wa kulijua hadi uvunguni, na wajibu huo hakabidhiwi fundi.

Msomaji wangu amenijibu kwamba fundi anakuja Jumamosi. Nimemwomba asiondoke hapo hadi difu ifungwe.